Baragumu Iliyopigwa Siku ya Upatanisho

Neno la kamati ya kwaya, mkesha wa yubile ya miaka 50

 

Baba Askofu, makasisi wetu, wazee wa kanisa, akina mama na akina baba, vijana, wageni wetu mliotoka Njoro, Molo, Gilgil na Subukia, na ninyi wanakwaya wa zamani mliorudi leo na sauti zenu na wajukuu wenu, tunawasalimu katika jina la Bwana. Karibuni Nakuru. Wale mliohama ilipokuwa manispaa mtaikuta imekuwa jiji tangu Desemba 2021, ingawa vumbi ni lile lile.

Sisi wa kamati tuliombwa tuandike historia ya kwaya, na tumeiandika. Iko kurasa za mbele pamoja na picha. Lakini kabla ya kuiandika tulitafuta kijitabu cha sherehe ya miaka 25, tukakisoma kwa sauti baada ya mazoezi ya Jumamosi. Tulicheka sana. Kila kikombe tulichowahi kushinda kimetajwa, hata kile kidogo cha nafasi ya tatu ambacho sote tunajua kwamba kwaya zilizoshindana siku hiyo zilikuwa tatu. Wenyeviti wametajwa. Wageni waheshimiwa wametajwa pamoja na magari waliyokuja nayo. Jina la mama aliyetushonea majoho halimo. Neno "tulikosea" halimo popote.

Kicheko kikaisha. Mzee mmoja wa besi, ambaye yuko kwaya hii tangu siku ya kwanza, akauliza: "Hiki kitabu tulikuwa tunamwandikia nani?" Hakuna aliyemjibu. Ndiyo maana neno letu la leo linahusu kiburi, na kwa kuwa ni letu, tutasema "sisi" mpaka mwisho. Asije mtu akadhani tunamsema jirani yake.

Tulifungua Mambo ya Walawi sura ya 25, kwa sababu humo ndimo neno yubile linamotoka. Wengi wetu tulikumbuka mambo matatu: mwaka wa hamsini, watumwa kuachiliwa, na ardhi kurudi kwa wenyewe. (Hapa Bonde la Ufa hilo la tatu husomwa kwa sauti ya chini, na kila mtu anajua sababu.) Jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka ni tarehe. Baragumu ya yubile haikupigwa siku ya mavuno, wala siku mfalme alipotawazwa. Ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, na hiyo ndiyo Siku ya Upatanisho, siku ambayo Israeli nzima ilijinyenyekesha na kuhani mkuu akaingia patakatifu kwa ajili ya dhambi za watu wote. Toba na baragumu viliwekwa siku moja. Sisi tulikuwa tumepanga baragumu peke yake. Tulikuwa tumeshakodi hema, tumelipa mpishi, na tumechagua rangi ya vitenge.

Kwaya ni mahali pagumu kwa mtu mwenye kiburi, na pia ni mahali anapostawi vizuri kuliko pote kanisani. Mhubiri akijivuna, waumini huona mapema. Mwimbaji akijivuna, wanampigia makofi. Kuna methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tunaomba radhi kwa kutaja tembo mbele ya Baba Askofu, lakini hatujaona methali nyingine inayotufaa zaidi. Tumesifiwa miaka mingi, nasi tumetia maji.

Tuseme tulivyotia. Tumegombania maikrofoni. Tumekuwa na sopranoni wetu waliokataa kusimama mstari wa pili kwa sababu kamera ya harusi haifiki huko. Tumekuwa na wazee wa teno, waliojifunza doremi ubaoni zamani, waliomnunia mwalimu kijana kwa miezi mitatu kwa kuwa alisoma muziki chuoni na kutuletea karatasi za noti. Na mwalimu huyo naye alitunyoosha kidole mbele ya watoto wa shule ya Jumapili, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa watoto. Tumeimba nyimbo za kujikana nafsi huku tukisikilizia sauti ya nani inapita ya mwingine. Tumemaliza wimbo, na kabla mhubiri hajafungua Biblia nusu yetu tumeshatoka nje kunywa maji na kuulizana, "Tulitoka vizuri?" Mahubiri ni ya wengine. Sisi tumeshahudumu.

Haya ni madogo na tunaweza kuyacheka. Yafuatayo hatuyacheki.

Wengi wenu mnakumbuka kura ya tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yaliyotangazwa Jumapili ya tarehe 30. Krismasi hiyo tulikuwa tumeimba pamoja sote, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, na dada mmoja Mturkana aliyekuwa na sauti ya alto ambayo hatujapata nyingine kama yake. Tulidhani wimbo umetuunganisha. Wiki ya mwisho ya Januari 2008 mapigano yakafika ndani ya mji wetu. Usiku kukawa na amri ya kutotoka nje. Mitaa ambayo tulikuwa tukipita tukiimba Jumapili ya Matawi ikawa na vizuizi na vijana wenye rungu na panga. Jumapili ya tarehe 27 Januari tulisimama mbele ya kanisa watu tisa. Kwaya yetu wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya thelathini. Baadhi ya waliokosekana walikuwa ndani ya mahema kwenye Uwanja wa Maonyesho, kilomita chache kutoka hapa, nasi tulijua.

Februari ya mwaka huo viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya walisimama mbele ya taifa wakakiri kwamba makanisa yaliegemea pande za siasa na hayakuweza kusema kwa sauti moja wakati nchi ilipoyahitaji. Tarehe 28 mwezi huo huo wanasiasa wakatia saini mapatano. Sisi tulilisikia ungamo la viongozi wetu redioni, tukatikisa kichwa, tukasema ni vizuri wameona makosa yao. Makosa yao. Ilikuwa rahisi kwetu kuwa na askofu wa kutubu kwa niaba yetu.

Mwezi wa Machi tulianza mazoezi tena. Besi wawili, waliokuwa wamesimama bega kwa bega kwa miaka minane, walikataa kusimama pamoja. Hakuna aliyegombana. Mmoja alivuta kiti chake akakaa upande wa teno, akasema mgongo unamuuma. Tuliimba hivyo wiki tatu. Mwalimu alituuliza mmoja mmoja kama kuna neno, na kila mtu alijibu kwa maneno yale yale: "Mimi sikumkosea mtu." Ilikuwa kweli kwa namna fulani. Hakuna mwanakwaya aliyechoma nyumba. Kila mmoja wetu alikuwa anamngoja mwenzake aanze, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenye deni ni yule mwingine.

Jumamosi ya nne, kabla ya sala ya kufunga, mama mmoja wa soprano aliomba nafasi. Hatutamtaja jina kwa kuwa amekataa, na wengi mnamjua. Aliuza viazi sokoni miaka mingi. Alisema: "Mimi nilimkosea mtu. Nilivuta pazia."

Akaeleza. Siku ile moshi ulipoanza kuonekana, jirani yake alikuja mbio na cherehani kichwani na mtoto mkononi, akitaka kuiacha cherehani kwake kabla ya kukimbia. Jirani huyo alikuwa mwanakwaya mwenzetu, fundi aliyetushonea majoho. Mama yetu alimwona dirishani akija. Aliogopa. Kama angeonekana amehifadhi mali ya mtu wa kabila lile, naye angechomewa. Akavuta pazia, akakaa kimya chini ya meza na watoto wake. Jirani alibisha, akangoja, akaenda. Cherehani haikuonekana tena.

"Ningeweza kusema niliogopa," alisema, "na niliogopa kweli. Lakini wiki zote hizi nimekuwa nikisema moyoni kwamba sikufanya kitu. Nimejiona mwema kwa sababu sikufanya kitu."

Baada ya hapo mazoezi hayakuisha saa kumi na mbili. Kijana mmoja alisema alipokea ujumbe wa matusi ya kikabila kwenye simu, akautuma kwa watu kumi. Mwingine alisema alicheka habari fulani ambayo mtu hapaswi kuicheka. Besi mmoja alisema mgongo haumuumi. Mwenzake hakusema kitu usiku huo, wala hakurudi tena, na mpaka leo hatujaimba naye. Tunalisema hili ili asiwepo mtu atakayetoka hapa akidhani kila kitu kilipona kwa jioni moja.

Jumatatu yule mama alikwenda Uwanja wa Maonyesho akatafuta hema kwa hema. Alipompata fundi wetu alipiga magoti nje ya hema, kwenye matope. Akasema alilokuja kusema. Fundi alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akamjibu: "Niliona pazia likitikisika." Hawakukumbatiana siku hiyo. Walikaa, wakanywa chai ya rangi, wakaachana. Ilipita zaidi ya mwaka mmoja kabla fundi wetu hajarudi kwaya. Majoho mtakayotuona nayo kesho ni ya mikono yake, kwa cherehani nyingine, na katika kijitabu hiki jina lake liko kabla ya majina ya wenyeviti.

Tulimwuliza yule mama wa soprano alipata wapi ujasiri. Alisema hakuna ujasiri, ni mazoea. Alilelewa na mama yake katika ushirika wa ndugu, na huko watoto waliona watu wazima wakisema "nisamehe" kama wanavyosema "habari ya asubuhi". Kwa vijana wetu ambao mnawajua ndugu wa uamsho kama wazee wanaosalimiana kwa Tukutendereza tu, inafaa tueleze kidogo.

Mwezi wa Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, walikutana Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa ameacha kazi ya serikali, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Daktari alikuwa amechoka, na kazi yake ilimkatisha tamaa. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Tukumbuke ni mwaka gani. Mzungu mmisionari alikuwa bwana mkubwa, na Mwafrika alimwamkia akiwa amevua kofia. Hawa wawili walipiga magoti kama watu wenye shida moja. Kutoka hapo, na kutoka Gahini, moto ukaenea Rwanda, Uganda, Tanganyika, Kongo na Sudan, na mwaka 1937 timu ya ndugu ikafika Kabete, hapa kwetu Kenya. Watu waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakaenda kwa adui zao. Wamisionari wakaungama mbele ya Waafrika dharau waliyokuwa nayo kwa sababu ya rangi, na Waafrika wakaungama chuki yao. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia mara nyingi jinsi alivyopanda baiskeli kwenda kwa Mzungu aliyemchukia, akamwomba msamaha. Alikuwa na sababu za kumchukia. Hata hivyo alipanda baiskeli.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wengi katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo, na wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki upande wa serikali. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Hatusemi kwamba waliokwenda msituni hawakuwa na sababu. Wengine ni babu zetu, na ardhi waliyoililia ni hii tunayokanyaga. Tunasema tu kwamba unyenyekevu wa ndugu wale haukuwa ulegevu. Mtu mlegevu angekula kiapo usiku na kuchukua bunduki asubuhi.

Lakini tusiwafanye malaika. Huko Nyanza, ndugu wa uamsho wenyewe walitengana, wengine wakaitwa Joremo, yaani watu wa damu, wengine Johera, watu wa upendo, na mwaka 1957 na 1958 Johera chini ya Matthew Ajuoga wakatoka katika kanisa la Anglikana na kuanzisha kanisa lao. Watu wa damu ya Yesu na watu wa upendo wa Yesu walishindwa kukaa chini ya paa moja. Inatutisha kidogo. Mtu anaweza kujivunia hata toba yake, akapima wokovu wa jirani kwa namna anavyosuka nywele. Sisi pia, tangu ile Machi ya 2008, tumekuwa tukisimulia habari ya pazia kila tunapoalikwa kuimba mahali, mpaka mama mwenyewe akatuambia: "Mnaisimulia kama kikombe." Tuliinyamazia miaka kadhaa. Leo tumemwomba ruhusa, akakubali kwa sharti kwamba tusimulie na yanayofuata.

Yanayofuata ni haya. Mwaka 2014 tulirekodi nyimbo zetu. Kanda za zamani zilikuwa zimeisha, na vijana wakatushauri tuweke video pia. Tulichanga, tukaenda Menengai kupigwa picha tukiwa kwenye ukingo wa bonde lile kubwa, jua likiwa kali na viatu vya wenyewe vikitumbukia vumbini. Kazi ilitoka nzuri. Halafu likaja swali la majina. Waliokuwa wameimbisha nyimbo tatu kuu walitaka majina yao yaandikwe kwenye jalada. Kamati ikasema jina ni la kwaya. Wakauliza mbona jina la mwenyekiti limeandikwa. Kamati ikasema hilo ni jambo la utawala.

Katika masimulizi yetu ya kila mara, watu hao kumi na mmoja "waliondoka". Ndivyo tulivyowaambia waumini, na ndivyo tulivyomwambia kasisi. Mwaka huu, tukitafuta picha za zamani, katibu alifungua faili na kukuta nakala ya barua. Hawakuondoka. Tuliwafukuza. Barua ni ya mistari sita, ina muhuri, na imetiwa saini na watu watatu, wawili kati yao wakiwa bado ndani ya kamati hii inayozungumza nanyi. Barua haina salamu. Ninyi mnajua barua ya kanisa huanzaje. Hata ya kudai deni la viti huanza na "Bwana asifiwe" au "Tunakusalimu katika jina la Yesu". Yetu ilianza na "Kamati imeamua."

Tulipoisoma tulinyamaza kama siku ile ya kijitabu. Tulikuwa tunawahesabu wenye kiburi kuwa wale waliotaka majina. Labda walikuwa nacho. Lakini kiburi chao kilitaka nusu mstari kwenye jalada la video, na chetu kilikuwa na muhuri.

Hapa tunataka kusema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Neno "nyenyekea" limetumiwa vibaya katika makanisa yetu, na sisi tumelitumia vibaya. Tuliwaambia wale kumi na mmoja wanyenyekee. Tumewaambia akina mama wa jikoni wanyenyekee walipouliza kwa nini wao hawaingii kwenye picha. Baada ya 2008 kuna waliowaambia watu wa mahema wanyenyekee na wasidai chochote, ili amani isivurugike. Aliyevutiwa pazia hatuna haki ya kumhubiria unyenyekevu. Hilo aachiwe Mungu na yeye. Katika Wafilipi sura ya 2 Paulo anaonyesha njia inavyokwenda: aliyekuwa juu ndiye aliyeshuka, akatwaa namna ya mtumwa, mpaka msalabani. Wataalamu wengi hudhani maneno yale yalikuwa wimbo ambao Wakristo wa kwanza waliuimba kabla Paulo hajauweka kwenye waraka. Basi huenda mojawapo ya nyimbo za kwanza za kanisa ilikuwa juu ya kushuka. Na Paulo aliwaandikia watu gani? Kanisa ambalo wanawake wawili waliofanya kazi ya Injili pamoja naye, Euodia na Sintike, walikuwa hawaelewani, na amewataja kwa majina katika sura ya 4. Hasemi nani mwenye makosa. Anamsihi kila mmoja, na anamwomba mtu wa tatu awasaidie. Tumesikia mahubiri mengi juu ya sura ya 2, machache sana juu ya hao wawili.

Tulitafuta mtu wa tatu. Tulimpata katika mama mmoja mzee wa parokia jirani ambaye hana upande. Alituambia tusitume barua nyingine. "Barua ndiyo iliyowatoa," alisema, "miguu ndiyo itakayowarudisha, kama watarudi." Basi tulikwenda. Wawili wako Njoro, mmoja Naivasha, watano hapa hapa mjini, mmoja yuko Eldoret na tulizungumza kwa simu. Mmoja alikwishalala katika Bwana mwaka 2019, tukaenda kwa mumewe. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatuonyesha jalada la video aliloliweka kwenye fremu ukutani, akatuuliza tunakunywa chai au maziwa. Mmoja alitujibu akiwa ndani ya geti, hakulifungua, na hatumlaumu. Watatu walisema watakuja. Aliyekuwa mwimbishaji wa wimbo wetu mkuu, ambaye tuliogopa kumwendea kuliko wote, alisema: "Nitafikiri," akatusindikiza hadi barabarani.

Tangu hapo tumebadilisha mambo machache ndani ya kwaya, na hatuna hakika yote yatadumu. Moja limetufurahisha. Katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 25 tulisoma jinsi Daudi alivyopanga waimbaji wa hekalu. Walikuwa 288, wote wenye ujuzi, wakagawanywa zamu 24, na zamu zikapangwa kwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Kwa kura! Watu wenye ujuzi namna ile. Januari tukaandika majina kwenye vikaratasi, tukavitia ndani ya kikapu cha sadaka (kasisi aliruhusu), tukaanza kupanga kwa kura nani anaimbisha, nani anasimama wapi, na nani anaosha vikombe vya chai. Mweka hazina wetu, ambaye hajawahi kukosa mstari wa mbele, aliangukiwa na vikombe miezi miwili mfululizo. Kuimbisha kulimwangukia kijana mmoja wa teno mwenye sauti nyembamba na aibu nyingi. Jumapili ya kwanza alisahau ubeti wa pili kabisa. Kanisa zima likamsaidia, kwa sauti ambayo hatujawahi kulisikia kanisa hili likiimba, kwa sababu miaka yote lilikuwa limezoea kutusikiliza sisi. Wengine kati yetu hatukufurahi. Tulihisi tumenyang'anywa kitu.

Sasa juu ya kesho. Ratiba iko ukurasa wa mwisho. Tutaanza saa tatu kamili, saa ya kanisa na si ya kwaya. Mtaona kwamba kabla ya wimbo wa kwanza hakuna maandamano na hakuna tarumbeta. Kasisi ametupa dakika kumi za kimya. Katika dakika hizo katibu atasoma ile barua ya mistari sita, na waliotia saini watasimama mbele yenu. Hawataeleza sababu. Baada ya hapo, kama kuna mtu ambaye umekuwa ukikaa upande wa pili wa kanisa ili usimsalimie, njia ya katikati iko wazi. Tumewaomba wapiga picha wafunge kamera wakati huo.

Kisha tutaimba. Wimbo wa nne una ubeti wa alto unaoimbwa na mtu mmoja. Hatukupiga kura juu ya huo, na kwenye ratiba tumeacha nafasi bila jina. Ikifika hapo na hakuna aliyesimama, mwalimu ataendelea kupiga kinanda ubeti wote, nasi tutangoja.